Doto, kabla hamjarudi mwaloni Jumamosi

Bukoba, Jumanne

Doto ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetuandama. Flashi yako yenye video ya zoezi lenu la filamu nimeipata kwa Mama Kulwa aliposhuka melini, na ulifanya la maana kutoituma kwa WhatsApp. Picha ingeminywa hata nisijue ubovu ni wenu au wa simu.

Nimeitazama. Naandika haraka kwa sababu Jumamosi mnarudi kushuti, na mkirudi kwa utaratibu uleule mtaleta makosa yaleyale, safari hii yakiwa na mwanga mzuri.

Zoezi lenyewe hupewa wanafunzi wa filamu kila mahali: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mbele ya mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Kulihamishia kwenye kibanda cha dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, binti akimwendea mama, nimekupenda nalo. Ila mwalimu wenu hatafuti hadithi, anatafuta mshono, yaani shoti moja inavyoungana na nyingine.

Na mshono unaonekana. Shoti ya nje inaishia mkono wa binti ukiwa kwenye komeo. Ya ndani inaanza mlango uko wazi tayari. Nusu ya kitendo haikupigwa popote, na hakuna programu ya kuhariri itakayoizaa. Najua mlivyofanya: "Simama hapohapo, usitikisike, tunahamisha kamera." Acheni hiyo. Kila mkihamisha kamera, kitendo kirudiwe chote. Nje: anakuja, anashika komeo, anasukuma, anaingia, na kamera inaendelea mpaka fremu ibaki tupu. Ndani: mlango umefungwa, anasukuma upya, anaingia. Washeni kamera sekunde tano kabla hajaanza, zimeni sekunde tano baada ya kumaliza. Ukifika kwenye kompyuta utakuwa na mlango unaofunguliwa mara mbili, na pa kukata utachagua mwenyewe. Kata mlango ukiwa umeshaanza kusogea. Ukikata ungali umetulia, au ukishatulia, mtazamaji anauona mkato; mlango ukiwa mwendoni, jicho linaufuata na mkato unapita. Ukitoka shoti pana kwenda ya karibu, jaribu kurudisha kitendo nyuma fremu mbili tatu, zile picha mojamoja zinazounda video. Kwa hesabu kitakuwa kimejirudia, kwa macho kitakaa sawa.

Halafu upande. Nje binti anakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, ndani anatoka kulia kwenda kushoto, kama aliyeghairi na kugeuka! Kamera ya ndani mliiweka ng'ambo ya mstari, ule wa kuwaza tu ambao kamera haitakiwi kuuvuka. Wengi wanakariri hiyo kanuni ya nyuzi 180 wakasahau kwamba mstari huo unahama: binti akitembea, mstari ni njia anayopita, akishaketi, ni kutoka macho yake hadi macho ya mama. Kwa hiyo pangeni kwanza vigoda, ndipo mtafute pa kusimamisha kamera, ili upande mmoja uwafae akitembea na akiketi. Chora kwa chaki sakafuni, asicheke mtu. Sasa hivi binti anatazama kulia na mama naye anatazama kulia, wote wawili wanazungumza na ukuta.

Pigeni pia mikono ya mama ikichambua dagaa, nusu dakika hivi, bila uso. Hiyo utaichomeka popote mkato utakapogoma.

Shoti mbili za mama pale katikati zinaruka kwa sababu kamera ilisogea kidogo mno. Isogeze nyuzi 30 au zaidi kumzunguka na ubadilishe ukubwa wa picha, la sivyo usikate kabisa.

Glasi ya chai, jamani. Imejaa, nusu, imejaa. Weka alama ya kalamu kwenye glasi, jaza hadi hapo kila mnaporudia, na binti anywe kwenye neno lilelile. Mtu mmoja awe na daftari na kazi hiyo tu: mkono upi ulishika glasi, khanga ilikuwa bega gani, alitamka nini alipoinama. Kila shoti ikiisha apige picha kwa simu. Mpe yule mdogo wake shemeji, haongei sana na anaona kila kitu.

Mwanga: malizeni kwanza shoti zote zinazotazama ziwani, ndipo mgeuze kamera. Mkigeuka huku na huku, jua litakuwa limehama na vivuli vitawaumbua. Fungeni mwanga na rangi kwenye simu, msiache ijirekebishe wingu likipita. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda kila fremu inapopokea mwanga) 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50, mizunguko 50 kwa sekunde, na ile tyubu ya kibandani inaweza kupepesa mkiweka vingine. Na simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, ndiyo maana sauti yenu inaachana na midomo mwishoni. Tumieni programu inayozifunga, au geuzeni faili iwe na fremu zisizobadilika kabla ya kuhariri.

Mazungumzo rekodini asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unageukia nchi kavu na maiki itavuma. Mkimaliza, wote wanyamaze sekunde 30 mrekodi kibanda kitupu. Sauti hiyo utaitandika chini ya mikato yote. Sauti ya mama nayo ianze kidogo kabla hatujamwona...

Haya nitakuandikia siku nyingine. Ukishindwa mengine yote, shika la mlango: kitendo chote, kila shoti.

Sasa niambie: binti bado ana ile khanga, au ameshaipeleka kwao? Mama wa kibanda anajua mnarudi, na mmemlipa wa mara ya kwanza? Simu yenu inafunga fremu? Stendi ya Mama Kulwa iko kwako au kwa Juma, maana kila mmoja anamtaja mwenzake? Na mwalimu anataka dakika ngapi, mbili au tatu?

Wako,
Sele