Zana za ndege kutoka Katwe: namjibu msomaji

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji aliyelicheka wazo la zana za mafundi wa ndege kutengenezwa Katwe, mtaa wa mafundi wa mikono mjini Kampala. Alitaja ile ndege ya JetBlue iliyotua Los Angeles tarehe 21 Septemba 2005, gurudumu la mbele limegeuka nyuzi 90 na cheche zinaruka, akauliza kama hayo ndiyo tunayoyatafuta Entebbe. Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Kajjansi, na naomba nafasi nimjibu. Watu wote 146 walishuka salama siku ile. Wachunguzi walikuta kwamba vishikizo vya chuma vinavyozuia mguu wa mbele usizunguke vilichoka vikakatika. Mfano huo haugusi kabisa kazi ninayoizungumzia.

Ninayoizungumzia ni alaimenti, yaani unyoofu wa mwelekeo, ya magurudumu makuu kwenye ndege kama Cessna 172 na 206, zinazosimama juu ya miguu ya chuma cha springi. Magurudumu yakitazamana au yakipeana mgongo kupita kiasi, tairi hulika upande mmoja, na rubani akitua kwenye murram ya Kidepo anahisi ndege inamvuta. Dawa yake ni shimu, yaani vipande vyembamba vilivyochongwa kama kabari, vinavyokaa kati ya mguu na ekseli. Kuvibadilisha si kazi kubwa. Tabu iko kwenye kupima.

Njia tuliyofundishwa ni hii. Chini ya kila gurudumu unaweka vibamba viwili vya alumini vilivyopakwa grisi katikati, ili miguu itanuke bila kuzuiwa na sakafu. Unaitikisa ndege mpaka itulie. Unalaza ubao ulionyooka mbele ya tairi zote mbili, unauegemeza skwea ya seremala, mkono wake ukielekea nyuma kando ya gurudumu, kisha unapima mwanya hadi ukingo wa rimu, mbele halafu nyuma. Tofauti ya hiyo mianya miwili ndiyo jibu lako. Sasa jaribu ukiwa umelala kifudifudi kwenye saruji: kichwa cha ekseli kinakuzuia, mwenzako aliyeshika ubao anachoka, ubao unateleza, mnaanza upya. Na uzito wa ndege lazima uwe ule kitabu kinaotaka, kwa sababu ikipakiwa miguu hutanuka na vipimo vyote huhama.

Kwa hiyo nilichora kifaa, nikampelekea fundi wa madirisha pale Katwe. Ni boksi ya alumini, yaani bomba la pembe nne, ile ile ya fremu za dirisha, yenye vijiguu vyake, hivyo haihitaji mtu wa kuishika. Juu yake kinateleza kichwa chenye mkono uliopinda kupita chini ya ekseli, na kwenye mkono huo kuna vidole viwili vya kupimia. Ncha za vidole ni nailoni, maana mkwaruzo kwenye rimu ndipo ufa unapopenda kuanzia. Hakuna skrubu inayoweza kuchomoka ikaanguka. Zote zimefungiwa humo humo. Rangi ni ya machungwa, kisisahauliwe chini ya ndege.

Najua swali linalofuata: je, alumini si inarefuka kwa joto? Inarefuka, tena karibu mara mbili ya chuma. Lakini sisi tunatafuta tofauti ya mianya miwili kwenye mkono mmoja, kwa hiyo urefu wa boksi hauingii kwenye hesabu. Inachotakiwa ni kunyooka tu. Nilipoanza kumweleza yule fundi namna ya kuhakikisha, alikuwa tayari ameshachora mstari kwa penseli kali, akaigeuza boksi, akachora tena kwenye pointi zile zile. Mistari ikiachana, boksi imepinda. Anafanya hivyo kila siku kwa ajili ya vioo vya watu! Skwea nayo hujaribiwa kwa kugeuzwa vivyo hivyo. Vifaa vyenyewe vya kupimia hupelekwa UNBS, shirika la viwango la Uganda, ambako kuna maabara ya kazi hiyo.

Sisemi kila kitu kitoke Katwe. Jeki ya kuinulia ndege siwezi kuiagiza huko, wala spana ya kukazia bolti kwa nguvu maalumu. Kifaa kinachobeba uzito au kinachoamua nguvu kina hatari yake, na hapo msomaji wenu na mimi tuko pamoja.

Kinachotukwamisha ni makaratasi. Kanuni ya Marekani namba 145.109 inaruhusu zana zinazolingana na zile mtengenezaji alizopendekeza, mradi mamlaka izikubali. Hapa kwetu niliwahi kuifanyia kazi kampuni moja iliyoacha ndege imelala hangani ikisubiri kifaa cha kupimia kilichokwama forodhani, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kutia sahihi kwenye kifaa cha hapa. Mlipaji wa maegesho alikuwa mwenye ndege.

Chuo cha anga cha Soroti kipo tangu 1971 na kinafundisha marubani na mafundi pia. Wanafunzi wapewe kazi ya kubuni zana kama hizi na kuzipeleka kwa mafundi wa mjini zitengenezwe. Nayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ituandalie fomu fupi: mchoro, namba ya kifaa, cheti cha vipimo, tarehe ya kuhakikiwa tena, na jina la fundi atakayewajibika. Mimi nitakuwa wa kwanza kuijaza.

Wenu,
Fundi wa ndege, Kajjansi