Mhakiki asilaumiwe kwa kumtaja marehemu

Mhariri,

Nimesoma katika kurasa zenu za utamaduni makala inayodai kwamba wahakiki wanaoitazama sanaa ya kisasa kwa nadharia ya kwia, yaani fikra zinazohoji namna jamii inavyoyapangia watu mapenzi na jinsia, huingiza siasa mahali pasipo siasa. Sikubaliani na mwandishi wake, na sababu yangu imo katika kazi zenyewe.

Felix Gonzalez-Torres, mzaliwa wa Kuba, aliunda mwaka 1991 kazi ya kumkumbuka mpenzi wake Ross, aliyefariki mwaka huohuo kwa UKIMWI. Ni rundo la peremende lenye uzito wa ratili 175, ambao wengi huuhesabu kuwa uzito wa Ross alipokuwa mzima. Mgeni huruhusiwa kuchukua moja akaila, rundo likazidi kupungua kama mgonjwa anavyokonda, na jumba la sanaa laweza kulijaza tena. Mwaka 2022 Art Institute of Chicago ilibadilisha maelezo ya ukutani, Ross na maradhi yake wakaachwa nje, mpaka lawama zilipoifanya iyarekebishe. Kati ya aliyemtaja marehemu na aliyemfuta, ni yupi aliyeingiza siasa? Msomaji wa Mombasa, aliyewahi kuketi kwenye hitima na kula na wafiwa, hahitaji nadharia ili aelewe kwamba kula pia ni namna ya kuomboleza, ila ni lazima aambiwe aliyefariki ni nani.

Douglas Crimp, mhakiki Mmarekani aliyefariki mwaka 2019, alijulikana kwanza kwa maonyesho aliyoyaandaa New York mwaka 1977. Janga lilipozuka, alihariri toleo maalumu la jarida la October la mwaka 1987 kuhusu UKIMWI, akashikilia kwamba sanaa isiishie kuchangisha fedha na kuwaliwaza watu, kwani inaweza kuokoa maisha. Miaka miwili baadaye akaandika kwamba maombolezo na mapambano havipingani. Sikatai kwamba baadhi ya maandishi ya fani hii ni mazito hata yakachosha, lakini hayo ya Crimp yaliandikwa na mtu aliyekuwa akizika rafiki zake.

Anayeichukia kazi ya aina hii ana haki ya kusema hivyo. Ninachoomba ni kwamba kurasa zenu, zinapomkosoa mhakiki, zimweleze msomaji kwanza kazi aliyoihakiki: imeundwa kwa vitu gani, na nani, na kwa ajili ya nani. Makala ile haikutaja hata kazi moja.

Mwalimu wa sanaa,
Mombasa.