Kadi za Idi zenye pindo la leso: majibu kwa shoga yangu

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Kadi yako imefika bila kukunjika, na nimeitazama dirishani mpaka nikaielewa. Wazo lako zuri: kadi ya Idi iliyopangwa kama leso, yaani kanga: pindo pande zote nne, mji (uwanja wa ndani) katikati, jina (maandishi) chini. Lakini kingo za pindo zimeota ndevu, na umeniuliza kama ni rangi mbovu uliyouziwa. Rangi haina kosa. Ndevu zile, mawimbi ya karatasi, na ile nyekundu iliyoingia kwenye njano, vyote vimetokana na maji: ama yalizidi, ama hukuyangoja yakauke.

Karatasi kwanza. Ile ya kuchapishia ya gramu 80 haiwezi kazi hii, ikilowa tu inajikunja kama chapati. Nunua shiti kubwa ya manila ya gramu 250 hadi 300, ukate vipande vya milimita 210 kwa 148; kila kimoja kikikunjwa kinatoa kadi ya 105 kwa 148. Kabla ya kukata, ipinde shiti kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Inapokubali kupinda bila ubishi, huko ndiko nyuzi zake zinakolala, na mkunjo wa kadi ufuate huko. Ukizikatiza nyuzi, mgongo unapasuka na rangi inabanduka pale pale. Mstari wa mkunjo upitishe kwanza kwa rula na kalamu ya wino iliyokwisha.

Ukitaka vipande vya gazeti au vya kalenda ya zamani chini ya rangi, changanya gundi nyeupe vijiko viwili na maji kijiko kimoja. Paka kwenye manila na nyuma ya kipande, kisha usukume hewa kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi ya simu iliyokwisha. Picha za kutoa kwenye mashine ya fotokopi hazichujuki, kwa sababu wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa moto; za printa ya wino wa maji zitakulilia gundi ikizigusa tu. Upande wa ndani pia upake gundi ile ile nyepesi, ndipo karatasi ivutwe sawa huku na huku isipinde. Najua kalamu haiandiki vizuri juu ya gundi. Mwisho wa kazi bandika humo karatasi nyeupe ya kuandikia salamu.

Sasa pindo, maana hapo ndipo ulipoumia. Faili la plastiki angavu linatosha kwa stenseli, yaani kiolezo cha matundu. Kata kwa wembe mpya juu ya kioo au ubao, na uanze na matundu madogo. Ukianza na makubwa plastiki inalegea na madogo yanakwenda kombo. Kati ya tundu na tundu acha daraja lisilopungua milimita 3.

Kipimo nimekupigia. Pindo liwe la milimita 15, na kila kona iwe na mraba wake wa 15 kwa 15. Upande mfupi unabakiwa na 75, yaani maua matano ya 15 yanaingia kamili. Upande mrefu unabakiwa na 118, na maua manane yanataka 120. Usianzie kona moja ukaenda mpaka ya pili, utafika ua la mwisho limekatwa. Anza kona zote mbili uje katikati, zile milimita 2 zimezwe kidogo kidogo kwenye nafasi za maua ya kati. Jicho halizioni.

Wewe ulitumia brashi, tena ya maji, ukaipeleka ubavu. Brashi inasukuma rangi chini ya plastiki. Chukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, chovya ncha tu kwenye rangi ya akriliki isiyotiwa maji hata tone, halafu ugongegonge kwenye gazeti mpaka iache vidoti badala ya bwawa. Ukidhani sponji imekuwa kavu mno, hapo ndipo iko tayari. Gonga wima, usifute. Mara ya kwanza rangi itaonekana hafifu. Usiingiwe na pupa, ngoja dakika chache upitie tena, hata mara ya tatu. Stenseli ishike kwa utepe wa karatasi, lakini utepe huo ubandike kwanza kwenye leso uliyojifunga na kuubandua mara mbili tatu, upungue ukali, ama sivyo utaondoka na ngozi ya manila. Na kila unapohamisha stenseli, futa mgongo wake. Kivuli chekundu kando ya ua lako la nne kilitoka huko.

Korosho la katikati, yaani nakshi ya mji, nalo lichongee muhuri wa raba ya kufutia. Lichore kwa penseli laini ya 2B kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya raba, usugue mgongo kwa ukucha. Mchoro utahamia ukiwa kinyume, na muhuri ukigonga utaurudisha ulivyokuwa. Herufi nazo ni hivyo hivyo. Ukichonga, wembe ulale kwa nje ili shina la mchoro liwe pana kuliko uso wake, kama kilima. Ukiuchimba kwa ndani, ukingo unabaki unaning'inia na utakatika kabla kadi hazijaisha. Kina cha milimita 2 kinatosha. Rangi ipakwe kwa sponji ile ile, chini ya kadi weka gazeti lililokunjwa, gonga moja kwa moja bila kutikisa, na mara ya kwanza gonga kwenye karatasi ya kutupa. Zima feni wakati huo, maana inakausha rangi juu ya muhuri kabla haijafika kwenye karatasi. Kila baada ya kugonga mara tano sita, osha muhuri kwa mswaki mkuukuu. Akriliki ikishakauka ndani ya raba haitoki kwa maji.

Ukipita sokoni Marikiti chukua na bamia. Likikatwa katikati ni muhuri wa ua tayari, ila lilaze uso chini kwenye tishu robo saa limalize ute, nao pia ni maji.

Jina likate kwa stenseli. Herufi zenye tumbo huanguka tumbo lake lisipoachiwa madaraja. IDI NJEMA ina mbili tu, D na A. EID MUBARAK ina D, B, R na A mbili. Kwa kadi thelathini ningechagua ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Kukausha sasa. Mwambao huu hewa imejaa maji, na miezi ya masika, Aprili na Mei, ndiyo mibaya zaidi. Kidole kinadanganya, kitakwambia pamekauka. Gusisha mgongo wa mkono au shavu: karatasi ikiwa baridi, ndani bado mbichi. Usiikimbize juani, itajipinda. Iweke kivulini penye upepo, na kila rangi ikauke kabla ya kutia nyingine: njano kwanza, nyekundu baadaye, nyeusi mwisho. Ubaridi ukishaisha, ilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Na usizipange kadi uso kwa uso, kwani akriliki kwenye joto letu hugandana hata ikiwa kavu. Tia karatasi ya kuokea kati ya kadi na kadi.

Ukijaribu tena, usiniletee kadi nzima. Niletee kipande cha manila kilichogongwa sponji mara moja, mbili na tatu, nikione kingo. Mama msalimie sana, na mwambie leso yake ya pindo la maua tutaiazima tuitolee kipimo.

Shogako wa Mji wa Kale