Programu mbili za barua kwenye seva moja: kwa nini baruapepe zako nyingine hazifiki

Wateja wenye seva za Linux hutuletea sana lalamiko hili: barua za wafanyakazi zinafika vizuri, lakini ankara na ujumbe wa kubadilisha nenosiri kutoka kwenye tovuti havifiki. Wengi huanza kwa kuilaumu tovuti, au kampuni inayopokea barua upande wa pili. Sisi huanza kwa kuangalia seva hiyo ina programu ngapi za kutuma barua, na tukikuta mbili, uchunguzi wetu huanzia hapo.

Chanzo chake ni cha zamani. Sendmail, programu ya kutuma barua iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliizoeza dunia ya Unix kutuma barua kwa amri ya /usr/sbin/sendmail. Programu nyingine za kazi hiyohiyo, Exim ilipotoka mwaka 1995 na Postfix mwaka 1998, zote zililichukua jina hilohilo ili programu zilizokwisha kuandikwa ziendelee kufanya kazi. Ndiyo maana PHP (lugha inayoendesha tovuti nyingi) na cron (inayoendesha kazi za ratiba) bado huita sendmail hata kwenye seva ambayo Sendmail yenyewe haijawahi kusakinishwa.

Kwa hiyo barua huingia kwa njia mbili: poti 25 (mlango wa mtandao ambao seva hupokelea barua), au amri hiyo. Mgongano wa poti hujitangaza wenyewe. Programu ya pili hukataa kuwaka na kuandika kwenye logi "Address already in use". Ukiendesha ss -ltnp kama root (msimamizi mkuu wa seva) utaona ni nani ameishika poti. Huo hatuuhofii.

Unaotusumbua ni ule wa amri, kwa sababu hauna kelele. Chukua seva ambayo Sendmail imeshika poti 25, Postfix imezimwa, lakini /usr/sbin/sendmail bado inaelekea kwa Postfix. Tovuti inaita amri. Amri ya Postfix inaipokea barua, inaiweka kwenye /var/spool/postfix/maildrop, na kujibu kuwa mambo yako sawa. Tovuti inamwambia mteja wako "imetumwa". Barua inabaki palepale, haimrudii aliyeituma, na kwenye tovuti hakuna kosa lolote linaloonekana. Kuzima huduma hakuiondoi amri yake njiani, na hapa ndipo hata mafundi wazoefu hukwama.

Wakati mwingine programu zote mbili zinatuma kweli, ila moja tu ndiyo iliyosanidiwa kutia saini ya DKIM, yaani saini ya kidijitali inayothibitisha kuwa barua imetoka kwenye kikoa chako. Barua za ile nyingine huishia kwenye folda ya barua taka.

Matoleo ya Linux ya Debian na Ubuntu yanakulinda kiasi: vifurushi vya programu hizi vimetangazwa kuwa haviwezi kukaa pamoja, hivyo apt, kisakinishaji chake, ikisakinisha Postfix huiondoa Exim. Ila programu uliyoikusanya mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo, apt haiijui. Kwenye Red Hat, AlmaLinux na Rocky, Postfix na Sendmail zinaweza kukaa pamoja, na anayechagua ni alternatives, zana inayoamua jina la amri lielekee kwenye programu ipi. Endesha alternatives --display mta uone iliyochaguliwa, kisha alternatives --config mta kama unataka kubadilisha. Hakikisha kwa readlink -f /usr/sbin/sendmail. Jibu likiishia na sendmail.postfix, basi barua za amri zinakwenda kwa Postfix.

Tafadhali usikimbilie kufuta. Kila programu ina foleni yake ya barua zinazosubiri kutumwa, na hakuna inayoweza kusoma foleni ya mwenzake. Tena amri ya mailq, inayoonyesha foleni, hufuata chaguo la alternatives, kwa hiyo inaweza kukuonyesha foleni tupu huku ile nyingine imejaa. Kwenye familia ya Red Hat tumia mailq.postfix na mailq.sendmail, kila moja kivyake. Na kama maildrop ina barua za muda mrefu, zipitie kabla ya kuiwasha Postfix, la sivyo wateja wako watapokea ankara za zamani kwa mkupuo. Foleni ikishaisha, ndipo uzime huduma isiyotakiwa kwa systemctl disable --now na kuondoa kifurushi chake.

Ibaki ipi? Kama seva yako inaendeshwa na cPanel (paneli ya kusimamia seva kupitia kivinjari), iache Exim, maana paneli hiyo imejengwa juu yake. Kwa anayeanza upya tunapendekeza Postfix, na kama seva kazi yake ni kutuma tu, weka inet_interfaces = loopback-only ili isipokee barua kutoka nje.

Ukimaliza, tuma barua mbili kwenda anwani ya nje: moja kutoka kwenye tovuti, nyingine kutoka kwenye programu ya barua ya mfanyakazi. Fungua vichwa (taarifa za safari ya barua) vya zote mbili ulinganishe mistari ya Received na saini za DKIM. Zikitofautiana, tutumie vichwa hivyo pamoja na matokeo ya readlink na ss, tutaanzia hapo.