Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wanaobeti

Wanangu, salaam.

Kila Jumatatu kijiweni nasikia neno moja: "Mzee, imenichania timu moja tu!" Simu inanyooshwa, naonyeshwa mkeka, yaani orodha ya timu alizobetia: saba zimetiki, na ya nane iliyosawazishiwa dakika za nyongeza. Aliyeliwa anaongea kama mtu aliyekaribia kufika, na hapo ndipo ninapopata hofu.

Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakicheza kamari ya mashine, ile ya alama zinazozunguka. Alama ikisimama nafasi moja tu pembeni ya ushindi, wachezaji walisema inaudhi kuliko kukosa kabisa. Lakini sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda nazo ziliamka, na hamu ya kucheza tena ikapanda, hasa pale walipochagua alama wenyewe. Ninyi timu mnazichagua wenyewe, tena mnazijua mpaka majeruhi wao. Ikose timu moja au zikose zote nane, mkeka uliochanika kwa kawaida haulipi, ila ubongo unauhesabu kama dalili njema.

Halafu kuna kurudisha hela. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha, na aliyekwisha kupoteza huwa tayari kujilipua ili tu arudi alipokuwa. Ndiyo maana dau la saa nne usiku huwa kubwa kuliko la jioni.

Basi nawaomba, wanangu. Hesabu ya mwenye pikipiki na hela ya chakula zifike kwanza, kabla simu haijafunguliwa. Dau lipangwe asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia, na mkeka ukichanika usiku msiweke mwingine usiku huohuo.

Na mwenzenu akianza kukopa ili abeti, msimcheke. Shirika la Afya Duniani linaitambua kamari ambayo mtu hawezi kuidhibiti hata ikimuumiza kuwa ugonjwa wa uraibu, na unatibika. Mvuteni pembeni, mmoja wenu ampakie mpaka hospitali, waulizie huduma ya afya ya akili, na amsubiri hadi atoke.

Ni mimi mzee wenu wa hapo kijiweni.