Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: saa za walinzi zihesabiwe getini

Ndugu Kamishna,

Tunakuandikia kuhusu walinzi wa kampuni binafsi za Tanzania Bara, wale wanaokaa kwenye mageti ya benki, maghala, shule na ofisi za umma kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imesema wazi: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Walinzi wengi bado wanapokea kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, wawe wamelinda saa 45 au 72.

Tupige hesabu. Jedwali la Kwanza la Sheria linaelekeza mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45, kigawanyo ni 195. Mlinzi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 saa yake ni shilingi 2,000, na saa ya ziada ni 3,000. Zamu sita za saa 12 ni saa 72. Ukitoa 45 zinabaki 27, sawa na shilingi 81,000 kwa wiki. Kisha kuna nyongeza ya usiku, asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ikiwa saa hiyo ni ya ziada, asilimia hiyo inapigwa juu ya kiwango cha saa za ziada. Tuseme saa zake za kawaida ni saba na nusu kwa zamu, zinaishia saa 7:30 usiku: hapo ana saa 33 za kawaida za usiku kwa shilingi 100, na saa 27 za ziada kwa shilingi 150, jumla 7,350. Kwa wiki anadai 88,350, kwa wiki nne 353,400. Ni karibu mshahara mwingine mzima. Saa ya mapumziko tumeihesabu kuwa ya kazi, kwa sababu mlinzi aliye peke yake hana wa kumwachia lindo, na mapumziko ambayo mtu anatakiwa abaki tayari kwa kazi yanalipwa.

Tena hata mwajiri anayelipa yote hayo bado amevunja Sheria. Kikomo ni saa 50 za ziada katika wiki nne. Huyu amefanya 108.

Njia inayotumika zaidi kuficha deni hili ni mkataba wenye sentensi moja: "mshahara huu ni pamoja na saa za ziada na usiku." Msingi hautajwi. Afisa Kazi akikutana na sentensi hiyo tunaomba arudishe hesabu nyuma. Kama 390,000 imebeba kila kitu kwa zamu tulizotaja, msingi halisi ni takribani 197,000. Kiasi hicho ndicho cha kupimwa na kima cha chini cha sekta ya ulinzi katika Amri ya Mishahara inayotumika, si zile 390,000. Wengine hugawanya mshahara kwa siku 30 kisha kwa saa 12, na saa ya shilingi 2,000 inageuka 1,083. Wapo pia wanaodai walinzi wao wako kwenye wiki iliyobanwa, ambayo inaruhusu saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada. Mpango huo unataka makubaliano ya maandishi na hauvuki siku tano kwa wiki, kwa hiyo mlinzi wa zamu sita hawezi kuwekwa humo.

Dabo, yaani zamu mbili mfululizo, ni baya kuliko yote. Reliva, yaani mlinzi wa kupokea zamu, asipotokea, aliyelinda usiku anaambiwa aendelee mpaka jioni, kisha anapewa kiasi cha mkupuo. Sheria inakataza zaidi ya saa 12 kwa siku hata kama mfanyakazi mwenyewe amekubali, na inamtaka apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kurudi. Mtu aliyekesha hivyo hawezi kulinda chochote, na usalama wake mwenyewe uko hatarini.

Ukaguzi unaofanyika makao makuu ya kampuni hauoni mambo haya. Mahudhurio ya ofisini ni safi, mara nyingi yameandikwa kwa mkono mmoja na kalamu moja kwa mwezi mzima. Ukweli uko kwenye kitabu cha matukio getini kwa mteja: nani alikabidhi lindo, saa ngapi, reliva alichelewa kiasi gani. Sheria ya Taasisi za Kazi inampa Afisa Kazi uwezo wa kuingia mahali pa kazi na kukagua kumbukumbu, na geti la mteja ni mahali pa kazi. Tunaomba uelekeze kila ukaguzi uchukue angalau malindo matatu bila taarifa, ulinganishe vitabu hivyo na hati za mishahara, na tofauti ikionekana mwajiri apewe amri ya kutekeleza papo hapo.

Ombi la pili ni kuhusu zabuni, hasa za taasisi za umma. Lindo la saa 24 lina saa 168 kwa wiki. Mlinzi mmoja kisheria hawezi kuzidi wastani wa saa 57.5 kwa wiki, yaani 45 na 12.5 za ziada. Lindo moja basi linahitaji walinzi watatu. Zabuni yenye bei ya walinzi wawili na reliva wa kupokezana na malindo mengine imeshavunja Sheria kabla haijasainiwa, na anayeisaini anajua. Tunaomba uzipelekee taasisi hizo waraka unaotaka mchanganuo wa bei uoneshe idadi ya walinzi kwa lindo, msingi, saa za ziada na nyongeza ya usiku, kila kimoja kwenye mstari wake.

La mwisho ni muda. Madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F.1 ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Walinzi wengi husubiri mkataba uishe, na hapo madai ya miezi ya nyuma yanakuwa yamechelewa. Tunaomba tangazo lenye siku hizo 60, kanuni ya kugawanya mshahara kwa 195 na namba ya simu ya ofisi ya kazi ya mkoa libandikwe kwenye kila kibanda cha mlinzi, kwa Kiswahili, na kampuni ambayo halionekani kwenye malindo yake iwe ya kwanza kukaguliwa.

Wawakilishi wa wafanyakazi wa kampuni za ulinzi,
Dar es Salaam