Wajukuu zangu wa magetoni, mchicha si chakula cha kuishiwa

Wajukuu zangu mliopanga Sinza, Kimara, Mbagala, Ubungo na kwingineko huko Dar, wa kike kwa wa kiume,

Shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Nawaandikia wote kwa pamoja maana jambo lenyewe ni la wote. Mnakula vibaya, na kila nikiuliza naambiwa muda hakuna na hela hakuna. Wengine mmeacha nyama: huyu ni Msabato, yule ameambiwa na daktari apunguze, mwingine bei ya kilo imemshinda akaona heri aite uamuzi. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba mmeacha nyama mkahamia kwenye chipsi. Mchana chipsi kavu, usiku chapati mbili na soda, halafu mnasema siku hizi mnakula mboga.

Huku kwetu Morogoro mboga imejenga nyumba na kusomesha watoto. Magari yanayoshuka kutoka Mgeta na matenga ya spinachi, karoti, kabichi na njegere ndiyo hayohayo yanayowafikia huko kwenye masoko yenu. Kwa hiyo nikisikia kijana anasema ameishiwa mpaka anakula mchicha, kana kwamba anatumikia kifungo, nashindwa kunyamaza. Mchicha haujawakosea. Mnaupika kidogo, mnaupika mpaka unafia jikoni, na mnaupakua peke yake.

Nianze na kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Sasa angalia spinachi inavyonywea: unaijaza sufuria mpaka kifuniko kinagoma, dakika chache baadaye imebaki viganja viwili chini. Fungu moja kwa watu watatu ni la kupambia sahani. Nunueni mafungu mawili kwa mtu, msione haya mbele ya muuza genge, na ugali ndio upungue. Najua mnapenda ugali mlima. Mlima huo utawakalia tumboni.

Mkifika gengeni msidanganywe na maji. Wauzaji hunyunyizia mboga jioni ing'ae, na jani lililolala tangu asubuhi likainuka kidogo. Shika bua ulivunje. La leo huvunjika kwa mlio, la jana hupinda. Ulizeni pia imelimwa wapi, maana mboga nyingine za mjini hulimwa mabondeni kando ya mito iliyochafuka, kama Msimbazi. Uchafu wa nje utatoka kwa maji, lakini madini mazito yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayaoshwi wala hayapikwi yakaisha. Ukipata muuzaji anayejua mzigo wake umetoka shamba gani, mshike huyohuyo.

Nyumbani, chambua kwanza, osha kwa maji mengi jani zima likiwa zima, ndipo ukate. Mnaokata kisha mkaosha na kukamua, vitamini C na foleti mnazimwaga kwenye karo. Spinachi hii ya kwetu, ya jani pana na bua nene jeupe, itenganishe. Mabua yakatwe membamba na yatangulie jikoni pamoja na kitunguu, kwa sababu yanachelewa kuiva. Wengi huyatupa. Nikiona mtu anatupa bua la spinachi huku analia hana hela, namwangalia tu.

Upishi wenyewe ni mfupi kuliko foleni ya chipsi. Mafuta vijiko viwili, kitunguu maji, kitunguu saumu kilichopondwa, mabua. Yakilainika tia nyanya moja au mbili, ziache zirojeke. Kisha majani, yote, hata kama yamefurika. Usitie maji, majani yana maji yake ya kuyatosha. Usifunike, maana ukifunika rangi inageuka kuwa ya majani makavu. Geuza mara mbili tatu, dakika tatu mpaka tano, chumvi kidogo mwishoni, epua. Mchicha uliokomaa utataka muda zaidi kidogo. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa imeshashuka. Vile vidonge vya kuongezea ladha acheni, sehemu yake kubwa ni chumvi. Na magadi msitie kabisa. Mboga italainika upesi na kubaki kijani, kweli, ila vitamini zinaharibika humohumo.

Mafuta msiyaogope yote. Vitamini A iliyomo kwenye majani haya inahitaji mafuta ndipo mwili uichukue, na ndiyo maana mchicha wa nazi wa watu wa pwani si anasa. Tui jepesi linatangulia, tui zito linakuja mwishoni kwa moto mdogo huku mwiko unazunguka lisikatike. Asiye na mbuzi ya kukunia atumie la boksi, sitamsema.

Hapa sasa ndipo penye hoja yangu kubwa. Majani peke yake hayamshibishi mtu wa kazi. Mtu akila spinachi na ugali saa mbili usiku, saa nne yuko barabarani anatafuta mishkaki, kisha anasema kuacha nyama hakuwezekani. Jani linataka mwenzake: choroko, kunde, dengu, maharage, karanga au yai. Kwa wenye mtungi mdogo wa gesi mimi nasema choroko. Haidai kulowekwa usiku kucha kama maharage, na kwa nusu saa hivi inakuwa imeiva. Kikombe kimoja kinatosha watu watatu. Ichemshe bila chumvi mpaka ianze kupasuka, iponde kidogo kwa mwiko, iunge kwa kitunguu, nyanya, tangawizi na bizari nyembamba, kisha rundika spinachi iliyokatwa juu yake na ugeuze mpaka inywee. Basi. Hicho ni mboga na mchuzi kwa sufuria moja, na kwa wali kinakwenda, kwa dona kinakwenda, kwa chapati ndiyo usiseme. Wahindu wa Upanga na Kisutu, ambao wengi wao hawajawahi kuonja nyama tangu kuzaliwa, wanakula spinachi na dengu namna hii miaka nenda miaka rudi. Hakuna anayewaonea huruma.

Siku ukichoka, karanga za kusaga. Koroga vijiko vitatu kwa maji ya vuguvugu, mimina kwenye mchicha unaokaribia kuiva, acha ichemke taratibu mpaka mafuta yaelee. Ila chagueni karanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyo chungu itupeni, msiikaange mkidhani moto utaiponya. Sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo hata unga wa dona nunueni kwa mtu anayetunza mahindi yake makavu.

Wasichana, nanyi mnaoambiwa damu imepungua, nisikilizeni vizuri. Madini ya chuma yamo kwenye spinachi na mchicha, lakini mwili hauyapati yote, kwa sababu majani haya yana oksaleti na vitu vingine vinavyoyazuia. Ndimu, nyanya, chungwa au papai la baada ya chakula husaidia yafyonzwe. Chai ya rangi inayoletwa juu ya chakula inafanya kinyume, isubirini hata saa moja ipite. Na mjamzito aliyepewa vidonge vya damu kliniki avimeze kama alivyoelekezwa. Bakuli la mchicha halichukui nafasi ya kidonge, hata jirani akiapa.

Wapo ambao wasifuate barua hii bila kumuuliza daktari. Mwenye historia ya mawe kwenye figo, kwa sababu ya oksaleti hizohizo. Na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande: huyo asiache mboga wala asizifakamie ghafla, kiwango chake kiwe kilekile wiki hadi wiki, maana vitamini K ya majani inagombana na dawa.

Aliyeacha nyama pamoja na mayai na maziwa, yaani vyote, ajue vitamini B12 haipatikani kwenye majani wala maharage. Atafute vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Anayekula mayai nampa wepesi wa asubuhi: spinachi ya jana iliyokaa kwenye friji, kitunguu, mayai mawili juu yake, funika moto mdogo. Unaondoka na daladala ya saa kumi na mbili ukiwa umeshakula.

Mwisho, mwenye kibaraza au ngazi inayopigwa na jua asinunue mchicha kila siku. Kiroba, udongo, samadi iliyooza vizuri, mbegu za kumwaga. Ndani ya wiki tatu nne unaanza kuchuma. Spinachi inachelewa kidogo, lakini ukiondoa majani ya pembeni ukaacha moyo, inakupa miezi. Mwenye nyumba akilalamika kwamba viroba vinachafua kibaraza, mpelekeeni fungu la kwanza limepikwa tayari, la nazi, na msimwambie kama hakuna nyama mpaka amalize.

Bibi yenu,
Kihonda, Morogoro